Mkopo uliisha, hamu nayo ikaisha: jibu kwa msomaji wa Lanet

SWALI: Daktari, habari ya Kisumu. Nina miaka 39, ni mhasibu katika Sacco moja hapa Nakuru, naishi Lanet na mume wangu na watoto wawili. Sina shida ya kulilia. Mwaka jana tulimaliza mkopo wa nyumba tuliyojenga, ambao tuliulipa kwa miaka saba. Nilidhani nitafurahi hadi nichoke. Nilifurahi wiki moja. Tangu hapo siku zangu zinafanana, Jumatatu hadi Jumapili. Nimehudhuria semina mbili za kujiendeleza, nimenunua vitabu, naamka saa kumi na moja alfajiri kama tulivyoambiwa, na malengo nimeyabandika jikoni. Kila kitu nakianza kwa moto, baada ya wiki mbili kimezima. Nilianza Kifaransa kwenye simu, nikaacha. Nikanunua cherehani nijifunze kushona, sasa imefunikwa leso. Mume wangu anasema niridhike na nilichonacho, nitulie. Mtu anafanyaje ili aendelee kukua mwaka baada ya mwaka na asichoshwe na maisha? Au ni umri? Kuna semina nyingine mwezi ujao huko Naivasha, Sh12,000. Niende?

JIBU: Dada yangu, hongera kwa mkopo. Miaka saba ya kukatwa mshahara si mchezo, na wewe unayefanya kazi Sacco unawajua walioishia kutafutwa na wadhamini wao. Umeitaja habari hiyo kwa kupita tu, kana kwamba swali lako linaanzia kwenye semina. Mimi naona linaanzia kwenye mkopo.

Kwa miaka saba ulikuwa na jambo lililokuzidi kidogo, ambalo uliweza kulimudu ukijibana. Kila mwisho wa mwezi salio lilishuka, na kusoma salio ndiyo kazi yako. Nyumbani mlikuwa wawili, mnavuta upande mmoja. Hakuna aliyekuja kukuhutubia ili uendelee kulipa. Mlipotoa shilingi ya mwisho, vitu vitatu viliondoka siku moja: ugumu, kipimo, na mtu wa kuvuta naye. Ukaingia sokoni kununua ari, ilhali ari hukupungukiwa nayo. Ulichokosa ni mahali pa kuitumia.

Niseme jibu langu mapema, halafu nilieleze. Hamu ya maisha haimtangulii mtu ikimwonyesha njia. Huja nyuma yake, akishaona kwa macho yake mwenyewe kwamba jambo lililomshinda mwezi uliopita sasa limekubali. Ukiitafuta kwanza, kabla ya jambo lenyewe, utaipata kwa wiki mbili mbili hivyo hivyo unavyoipata sasa.

Kuhusu ile furaha ya wiki moja, usijilaumu. Mwaka 1978 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Philip Brickman na wenzake, walichapisha mahojiano na watu 22 walioshinda bahati nasibu ya jimbo la Illinois, baadhi yao wakiwa wamepata dola milioni moja. Waliwalinganisha na watu wa mitaa ile ile ambao hawakushinda kitu. Tofauti ya furaha baina yao haikuwa ya maana, na mambo madogo ya kila siku, kama kupiga gumzo na rafiki au kula kiamsha kinywa, yaliwapa washindi raha ndogo kuliko wenzao. Wahubiri wa "pesa si kitu" wanaupenda sana utafiti huo, nao wanauvuta kuliko unavyofika. Ulikuwa mdogo. Utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba walioshinda pesa nyingi waliendelea kuridhika zaidi na maisha yao hata baada ya miaka mingi. Kwa hiyo nyumba yenu haikwenda bure, hata kama huisikii tena ukigeuza ufunguo mlangoni. Inakupa utulivu. Msisimko ni habari nyingine, na msisimko huzoeleka upesi.

Kwa nini huzoeleka? Wolfram Schultz, akifanya kazi Uswisi katika miaka ya 1980 na 1990, alipima chembe za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusiana na kutarajia raha. Nyani alipopewa tone la maji ya matunda bila kutarajia, chembe zile zilichachamaa. Alipozoea kwamba taa ikiwaka maji yanafuata, zilichachamaa taa ilipowaka, na maji yenyewe yalipofika zikanyamaza. Taa ikiwaka na maji yasije, zilishuka chini ya kawaida yake. Sasa itazame siku uliyonunua cherehani. Ilikuwa taa. Ulipoilipia ulijiona tayari umevaa gauni ulilojishonea, na ubongo ukakulipa raha hiyo papo hapo, kabla hujatunga uzi. Wiki ya pili mshono ulienda upande, maji hayakuja, na ukashuka chini ya pale ulipoanzia. Ukaitafuta taa nyingine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msisimko ni mgeni wa namna hiyo. Kosa ni kumfukuza siku ya tatu kwa sababu hasemi tena maneno matamu, ukamwalika mwingine, badala ya kumpeleka shambani.

Hapo ndipo ninapokuwa na neno na semina nyingi za mjini. Unakaa kwenye hema siku mbili, unapiga makofi, unamgeukia jirani na kumwambia yeye ni mshindi. Unarudi na daftari lenye nembo. Hakuna ulichofanya pale ukakikosea, na hakuna aliyekusahihisha. Sh12,000 ya Naivasha baki nayo, nitakwambia itakavyokufaa zaidi. Ingekuwa semina ya kukufundisha jambo moja, kama kuandaa hesabu za kampuni kwa programu mpya, ukakaa mbele ya kompyuta na mtu akakuonyesha ulipokosea, ningekwambia panda matatu uende.

Jambo jingine wanalolipenda huko ni siku 21 za kujenga tabia. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijaribu kuzoea jambo dogo kama kunywa maji wakati wa chakula au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia ikawa inajiendesha yenyewe. Wa haraka walikadiriwa siku 18, wa polepole siku 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Wewe huacha wiki ya pili ukiamini umeshindwa, wakati hata yule wa haraka kabisa alikuwa bado njiani. Kwa mwanamke mwenye kazi, watoto wawili na foleni ya asubuhi, miezi mitatu ni makadirio ya haki.

Sasa tufanye kazi. Kati ya Kifaransa na cherehani nimekuchagulia cherehani, kwa sababu moja: kosa lake linaonekana. Kifaransa cha simu kinakupa nyota na pongezi hata ukibahatisha, na Lanet hakuna atakayekujibu kwa lugha hiyo.

Bila shaka ulianza na gauni zima. Karibu kila mtu huanza hapo. Gauni lina zipu, mikono, kiuno na upindo, kila kimoja kikiwa na ugumu wake, na likiharibika hujui ni wapi liliharibikia. Ushauri wangu ni kola. Nenda kwenye mitumba, ununue shati kuukuu la mwanamume ambalo kola yake imesimama vizuri. Chukua wembe, uifumue kola hiyo polepole kwenye meza. Utaona vipande viwili vya kitambaa na kile kigumu cha katikati. Vipime: mara nyingi kipande cha chini kimekatwa kidogo zaidi kuliko cha juu, milimita mbili tatu tu, ili mshono uingie chini usionekane. Angalia pembeni jinsi fundi alivyopunguza kitambaa kilichobaki ndani ya ncha kabla ya kuigeuza. Usipokipunguza, ncha inakuwa donge. Ukikipunguza mno, inachanika ukiisukuma. Na pale kwenye ncha kabisa, fundi mzuri hageuzi sindano kwa pembe kali. Hupiga mshono mmoja wa mshazari, halafu ndipo anashuka upande wa pili, na ncha inatoka kali kuliko ukijaribu kuifanya kali.

Halafu omba vipande kwa fundi yeyote anayeshona hapo mtaani, wanavyo gunia zima, ushone kola. Kola peke yake. Ya kwanza itatoka ncha moja kali na nyingine mviringo, kama za wote wanaoanza. Iandike tarehe kwa kalamu, uitie kwenye mfuko. Shona nyingine Jumanne, nyingine Alhamisi, nusu saa inatosha. Sehemu ya ile Sh12,000 mlipe fundi mwenye mikono mizuri akutazame Jumamosi moja moja na kukwambia bila kukubembeleza. Ukiweza kutoa kola tatu mfululizo zenye ncha sawa, hamia kwenye mkono. Lengo la mwisho liwe shati la shule la mwanao, avae muhula ukifunguliwa.

Sitakudanganya kwamba nusu saa hiyo itakuwa tamu. Anders Ericsson, aliyechunguza wapiga fidla wa Berlin mwaka 1993, aliandika wazi kwamba mazoezi yanayomkuza mtu hasa, yale ya kurudia palipo na udhaifu, si ya kufurahisha yenyewe. Wanaoyafanya wanajua yanawapeleka wapi. Na kuna jambo jingine katika utafiti ule ambalo halitajwi hemani: wale wapiga fidla bora walilala zaidi kuliko wenzao, na walijinyoosha mchana. Kwa hiyo hili la kuamka saa kumi na moja, kama unalala saa sita usiku ukimaliza vyombo na sare za shule, acha. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Aliyekosa usingizi huona kila kitu kimechacha, na wewe unauita uchovu huo kukosa ari.

Kipimo. Wewe ni mtu wa vitabu vya hesabu, basi fungua daftari la kola kama ungefungua la mteja. Kila kikao mstari mmoja: tarehe, kilichonishinda, nilichobadilisha. Usiandike ulivyojisikia. Teresa Amabile wa Harvard na mwenzake walikusanya karibu maandiko 12,000 ya shajara za kila siku kutoka kwa wafanyakazi 238, na kilichotenganisha siku zao njema na mbaya, kuliko kingine chochote, kilikuwa kupiga hatua katika kazi yenye maana kwao, hata hatua ndogo. Tatizo la hatua ndogo ni kwamba hazionekani zikitokea. Daftari ndilo linalozionyesha.

Eliud Kipchoge, jirani yetu wa Nandi, anajulikana kwa hilo. Kwa miaka mingi amekuwa akiandika mazoezi yake kwenye madaftari, akiwa kambini Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang. Watu humtaja kwa ile marathoni ya saa 1:59:40 huko Vienna mwaka 2019. Mimi humtaja kwa mwaka 2012. Alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 huko Paris 2003, akiwa kijana wa miaka 18, na miaka tisa baadaye akashindwa kupata nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Angeweza kukaa akingoja hamu ya mita 5,000 imrudie. Mwaka 2013 alihamia marathoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya, akashinda ya kwanza huko Hamburg. Mkopo wa kwanza ulikuwa umeisha, akafungua mwingine.

Nina onyo moja, na hili ni la Kenya yetu zaidi. Kola zikianza kutoka vizuri, dada yako, shemeji, na mama wa chama wote watakwambia neno moja: uza. Hapa kwetu mtu akioka keki nzuri mara mbili ameshaulizwa bei. Nawaelewa, maisha ni magumu. Lakini ngoja. Mwaka 1971 Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vipande vya kupanga maumbo, mchezo ambao wengi waliufurahia bure. Kundi moja likalipwa dola moja kwa kila umbo. Malipo yalipoondolewa, wakati wa mapumziko kundi hilo liligusa vile vipande kwa muda mfupi kuliko lilivyofanya kabla ya kulipwa. Siku ukianza kushona kwa oda, utakuwa na mteja anayetaka gauni la harusi kufikia Ijumaa, na cherehani itafanana na ofisi. Tayari una kazi ya mshahara. Baada ya mwaka, ukiwa unataka mwenyewe, fanya biashara. Kwa sasa kushona kuwe kitu pekee katika maisha yako kisicho na mdaiwa wala mdai.

Mumeo usimpuuze. Anaposema uridhike, nadhani anaogopa kwamba uchovu wako unamhusu yeye, au kwamba nyumba mliyojinyima kwa ajili yake haikukutosha. Mwambie wazi kwamba inakutosha. Mtu anaweza kuridhika na alichonacho na bado akataka mikono yake ijue zaidi. Kisha mpe kazi: yeye ndiye atakayekagua kola na kusema ipi imepinda. Wanaume wengi wa rika lake huvaa shati kila siku, na wana maoni kuhusu kola kuliko unavyodhani. Na kama chama chenu kikikutana huishia kwenye michango, mikopo na pilau, pendekeza kila mwezi mmoja aonyeshe jambo alilojifunza, kwa dakika kumi. Atakayeonyesha mwezi ujao lazima afanye mazoezi mwezi huu.

Kuhusu umri, hapana. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza pale Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Priscilla Sitienei, mkunga wa Ndalat kule Nandi ambaye watoto walimwita Gogo, alisoma shule moja na vilembwe vyake akiwa ameshapita miaka 90. Wote wawili walikuwa na sababu mahususi. Maruge alitaka kujisomea Biblia. Hakuna aliyesema anataka "kujiendeleza", neno pana ambalo huwezi kujua umelifikia lini.

Na siku zinazofanana zivunje kwa njia rahisi. Wenyeji wengi wa Nakuru mara ya mwisho kuona ziwa lao walikuwa kwenye basi la shule. Mwezi huu panda Menengai na watoto, mwezi ujao nenda ziwani mkahesabu aina za ndege. Usitarajie kubadilishwa maisha na mlima. Jumamosi isiyofanana na nyingine inatosha.

Nimeacha jambo moja la mwisho kwa sababu linahitaji ujibu kwa utulivu. Yote niliyosema ni kwa mtu aliyechoshwa. Kuna hali nyingine inayofanana nayo kwa nje, ambayo ni ugonjwa. Jiulize kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hata mambo uliyoyapenda tangu zamani hayakugusi: mtoto akichekesha hucheki, wimbo wa kanisani hausikii, chakula hakina ladha. Jiulize pia kuhusu usingizi uliovurugika, uzito uliobadilika, kushindwa kufuatilia mistari ya hesabu, kujiona huna thamani, au kufikiria kwamba afadhali usingekuwepo. Ukijibu ndiyo kwa yale ya kwanza na mengine kadhaa, iache cherehani kwanza uende hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wengi bado wanaiita PGH, uombe kuonana na watu wa afya ya akili. Ukiwa na lile wazo la mwisho, nenda leo, na mumeo akusindikize. Hata kama majibu yako ni nusu nusu, omba upimwe damu, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingoni huwachosha wanawake wa umri wako kwa namna hii hii. Mwambie daktari ilianza lini, unalala saa ngapi, hedhi yako ikoje, na dawa zote unazotumia pamoja na za kupanga uzazi.